Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tapentaini, mafuta ya tol na kemikali zingine za kiwanda cha palpu

Haya ni maswali yanayorudi kila mara, mengi kutoka Webuye, Kakamega, Eldoret na Nakuru, kwa watu wenye mashamba ya miti, wanafunzi wa kemia, na wale wamesikia ati kuna pesa imelala kwa maji machafu ya kiwanda cha karatasi. Pesa iko, lakini haiko pale wengi wanadhani. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine nimekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya kwanza

Kiwanda cha palpu kinatoa nini zaidi ya karatasi?

Ukichukua mbao kavu, karibu nusu yake ndio nyuzi zenye karatasi inataka, hizo ndizo palpu. Hiyo nusu ingine ni lignini, yani ile gundi inashikilia nyuzi pamoja, halafu kuna sukari za hemiselulosi, na kwa paini kuna utomvu na mafuta kidogo. Mbao ikipikwa kwa mfumo wa kraft hiyo nusu ya pili inayeyuka na kutoka na maji, na ni hapo ndio watu hutoa tapentaini, mafuta ya tol (mafuta ya mbao ya paini), rozini (utomvu mkavu), lignini na metanoli (pombe yenye sumu). Viwanda vya mfumo wa salfaiti, ambao ni njia ingine ya kupika mbao, hutoa zingine tofauti, angalia swali la vanila huko chini. Pia kuna mvuke na umeme, ambazo hakuna mtu huita bidhaa lakini ndizo hulipa bili.

Mfumo wa kraft ni upi?

Unachukua vipande vya mbao, unaviweka kwa daijesta, yani sufuria kubwa ya presha, unaongeza kostiki soda na salfaidi ya sodiamu, unapika kwa joto la kama nyuzi 170 kwa masaa kadhaa. Mkemia Mjerumani Carl Dahl ndiye aliupata, 1879, na mpaka leo ndio mfumo unaotoa palpu nyingi zaidi duniani kwa sababu nyuzi zake zinakuwa na nguvu. Karatasi ya mfuko wa simiti ni mfano mzuri, ivute uone.

Webuye walikuwa wanatumia huo huo?

Ndio. Pan African Paper Mills ilianza kazi 1974, wenye hisa wakiwa serikali ya Kenya, Orient Paper Mills ya India na IFC ya Benki ya Dunia, na walipika kraft. Ilisimama 2009, kukawa na jaribio la kuifufua, na 2016 ikauzwa kwa kampuni za Rai. Hapa hatutaingia siasa za nani aliua nini, hiyo kuna watu wa kutosha wanaiongea.

Ile harufu ya mayai yaliyooza huwa ni nini, na inaweza kuuzwa?

Ni gesi za salfa zinazotokea salfaidi ikikutana na lignini kwa joto: haidrojeni salfaidi, methili makaptani na ndugu zake wawili. Pua ya binadamu inashika makaptani hata ikiwa sehemu chache kwa bilioni, ndio maana mtu anaweza kusikia kiwanda cha kraft akiwa mbali kabisa na asione moshi wowote.

Kuuza, karibu hapana. Kuna kiwanda Marekani huko Bogalusa, Louisiana, kilitengeneza dimethili salfaidi kutoka kwa maji meusi na kuigeuza kuwa DMSO, ile kiyeyushio ya maabara na dawa, lakini hiyo ni biashara yake kivyake. Kwa viwanda vingine vyote hizi gesi hukusanywa kwa mabomba na kuchomwa ndani ya boila au tanuri ya chokaa. Ukiskia kiwanda kimepunguza harufu, ni mabomba hayo.

Maji meusi ni nini, na kwa nini yasimwagwe tu?

Ni yale maji yanayobaki baada ya kupika, meusi kama jina, yanateleza kwa vidole na yana kostiki kali. Kwa kila tani moja ya palpu unapata kama tani 7 mpaka 10 ya maji meusi mepesi, na ndani yake kuna kitu kama tani moja na nusu ya mango, yani kile kinabaki maji yakikauka, zaidi ya nusu yake ni mbao iliyoyeyuka na ingine ni sodiamu na salfa uliyonunua kwa pesa yako.

Hapo ndipo jibu liko. Kemikali ya bei zaidi ndani ya hayo maji si tapentaini wala vanila, ni ile kostiki na salfa yako mwenyewe. Kiwanda kizuri kinarudisha zaidi ya asilimia 95 ya kemikali za kupikia, kila siku, mzunguko baada ya mzunguko. Kiwanda kisichorudisha kitanunua soda upya kila wiki na hakuna bei ya karatasi itabeba hiyo. Kwa hivyo mtu akija na mpango wa kuuza mafuta ya tol na hana mpango wa kurudisha soda, mwambie arudi nyumbani akapige hesabu upya.

Inarudishwaje? Nimeambiwa wanachoma maji, sasa maji yanachomekaje?

Yanakaushwa kwanza. Maji meusi yanatoka kwa kuosha palpu yakiwa na mango kama asilimia 15, yanapitishwa kwa evaporeta (mashine za kuvukiza maji) tano, sita au saba zilizopangwa foleni, mvuke wa moja ukipasha ingine, mpaka mango yafike 65 hadi 80 kwa mia. Hapo yamekuwa mazito na yanawaka yenyewe. Yananyunyiziwa ndani ya boila maalum, ile G. H. Tomlinson wa Canada alifanya ikubalike miaka ya 1930, lignini inaungua na kutoa mvuke wa kuzungusha mitambo, na chini kabisa inabaki chumvi iliyoyeyuka, nyekundu, joto karibu nyuzi 850, ikitiririka kwa mifereji kuingia tangi la maji. Hiyo chumvi ni kaboneti ya sodiamu na salfaidi. Unaiongezea chokaa iliyochomwa, kaboneti inageuka kuwa kostiki tena, na matope ya chokaa yanarudi kwa tanuri kuchomwa upya.

Hiyo chumvi ikiguswa na maji kidogo mahali pabaya, kwa mfano bomba la boila likitoboka, inalipuka. Watu wa boila ya aina hii hulipwa vizuri na wanastahili.

## Tapentaini na mafuta ya tol

Tapentaini inatoka wapi haswa?

Daijesta ikipashwa joto, mvuke hutolewa juu ili presha isizidi. Kwa paini huo mvuke hubeba tapentaini. Unaupitisha kwa kondensa unapoa, unaingia kwa tangi la kutenganisha, tapentaini inaelea juu kwa sababu ni nyepesi, maji yanakaa chini, unaitoa juu. Kazi yenyewe ni rahisi hivyo, hatari yake si rahisi, tutafika kwa usalama.

Kiwango huwa ni kilo 5 mpaka 10 kwa tani ya palpu, kwa paini nzuri ya nchi za baridi. Ndani yake kuna alfa-pineni na beta-pineni, hizo ndizo mali, kwa sababu viwanda vya manukato na ladha huzigeuza kuwa menthol, kafura na harufu za sabuni. Shida ni salfa: tapentaini ya kraft inanuka vibaya mpaka isafishwe, na mnunuzi atakukata bei kwa hiyo harufu.

Ile tapentaini ya hadiwea ni hiyo hiyo?

Mara nyingi sio. Chupa nyingi zenye fundi wa rangi hununua ni white spirit, yani mazao ya petroli. Fungua unuse: ya kweli ina harufu ya msitu wa paini baada ya mvua, hiyo ingine ina harufu ya mafuta ya taa. Kwa kuosha brashi hakuna tofauti ya maana.

Na mafuta ya tol?

Hii ndio sehemu napenda. Paini ina asidi za mafuta na asidi za utomvu. Zikikutana na kostiki zinageuka sabuni, sabuni ya kweli kabisa, kemia ni ile ile ya mama anayechemsha mafuta na kostiki nyuma ya nyumba. Hiyo sabuni inakaa imeyeyuka kwa maji meusi mepesi, lakini yakikaushwa kidogo, mango yakifika kama asilimia 25 mpaka 30, inakataa kukaa ndani na kupanda juu kama malai ya maziwa. Hapo evaporeta inasimamishwa njiani kwa makusudi, maji yanapewa tangi pana na muda wa kutulia, na reki inachota sabuni juu polepole. Ni nzito, rangi ya kahawia, imejaa mapovu na bado inabeba maji meusi ndani. Ukiiharakisha unabeba maji mengi, na hayo maji yatakusumbua hatua inayofuata.

Hatua inayofuata ni asidi. Sabuni inapashwa karibu na kuchemka, unaweka asidi ya salfuriki mpaka pH ifike kama 3 au 4, halafu unaacha itulie. Zinajitenga tabaka tatu: juu mafuta mekundu-meusi, hayo ndiyo mafuta ya tol ghafi, katikati uchafu wa lignini na nyuzi, wenye unakula mafuta yako kama uliharakisha kule juu, chini maji ya chumvi. Tani mbili hivi za sabuni zinakupa tani moja ya mafuta.

Yanatumika wapi?

Ghafi yenyewe inaweza kuchomwa badala ya mafuta ya tanuri, joto lake linakaribia kabisa. Ikitenganishwa kwa mnara wa kunereka unapata asidi za mafuta za rangi, sabuni na vilainishi, unapata rozini ya gundi, wino na karatasi yenyewe, na chini inabaki lami. Hata lami ina pesa: ina steroli za mimea, na Wafini walizigeuza kuwa majarini ya kushusha kolesteroli, Benecol, iliyoingia sokoni 1995. Huko Lappeenranta, Finland, UPM ilifungua 2015 kiwanda cha kutengeneza dizeli ya magari kutoka kwa mafuta haya haya.

Mimi nina blugamu, naweza kupata hizi?

Pole, karibu hakuna. Mikaratusi haina asidi za utomvu kama paini na haina tapentaini ya kuvuna kwa njia hii. Mafuta kidogo yaliyo ndani hayapandi juu vizuri peke yake, yanaganda kwa mashine na kuleta madoa meusi kwa karatasi, kwa hivyo badala ya mali unapata kazi ya kusafisha. Na usichanganye na mafuta ya majani ya mkaratusi ya kuweka kifuani ukiwa na homa, hayo hutoka kwa majani, na miti ya palpu inaingia kiwandani bila majani.

Hapa Kenya paini ya mashamba ya serikali ni patula zaidi. Radiata ilipandwa sana zamani mpaka ugonjwa wa majani wa Dothistroma ukaimaliza miaka ya 60. Msitu wa Turbo, karibu na Eldoret, ulipandwa kwa kufikiria kiwanda cha Webuye. Kiwanda kikichanganya paini na blugamu, hesabu mafuta ya ile sehemu ya paini peke yake. Na miti michanga inayokua haraka haina moyo mwingi wa mbao, moyo ndio hubeba utomvu, kwa hivyo usinakili namba za Sweden ukaziweka kwa proposal yako.

Magogo yakikaa mwaka mzima kwa yadi inabadilisha kitu?

Inabadilisha sana na watu wengi wanapuuza. Tapentaini inapaa hewani na mafuta yanaharibika na hewa. Magogo yanavumilia, vipande vilivyokatwa tayari havivumilii: rundo la vipande linapata joto ndani na wiki chache tu zinatosha kupoteza sehemu kubwa ya mali. Kama unataka mafuta, kata leo pika kesho. Marufuku ya kukata miti ya 2018, iliyolegezwa 2023, ilifanya watu wengi wapate mbao kwa kubahatisha, na ukipata mbao kwa kubahatisha huchagui umri wala uzee wa gogo.

## Lignini, vanila na zingine

Ati vanila inatoka kwa mbao, hiyo ni kweli?

Kweli kabisa. Lignini ina umbo linalofanana na vanilini ndani yake, ukiichoma na hewa kwa kostiki inakatika na kuitoa. Lakini ni viwanda vya mfumo wa salfaiti vilivyofanya hivi, si kraft. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kiwanda kimoja tu, Thorold huko Ontario, Canada, kilikuwa kinatoa zaidi ya nusu ya vanilini ya dunia nzima. Leo nyingi inatengenezwa kutoka kwa petroli, na Borregaard wa Sarpsborg, Norway, ndio wanajulikana kwa kuendelea kuitoa kwa mbao ya spruce.

Kwa nini wengine waliacha? Uchafu. Kwa kilo moja ya vanilini unabaki na maji mengi ya kostiki ya kutupa, na kiwanda kikibadilisha kwenda kraft malighafi inaisha. Ukiona biskuti imeandikwa ladha ya vanila hapo Kisumu, uwezekano mkubwa ni petroli.

Na ile dawa ya kutuliza vumbi la barabara?

Hiyo ni lignosalfoneti, pia ya mfumo wa salfaiti. Inanata, inayeyuka kwa maji, inamwagwa kwa barabara ya marram inashika vumbi kwa muda. Pia hutumika kwa konkriti ili itiririke na maji machache, na kwa chakula cha mifugo cha vidonge ili visivunjike. Maji meusi ya kraft SIO kitu hicho, soma swali la barabara huko chini kabla hujaagiza boza.

Naweza kutoa lignini kwa maji meusi ya kraft?

Inawezekana. Unapuliza kaboni dioksaidi kwa maji meusi yaliyokaushwa nusu, pH inashuka mpaka kama 10, lignini inaganda, unachuja, unaosha na asidi, unapata unga wa kahawia. Mfumo wa LignoBoost hufanya hivyo. Kiwanda cha Domtar huko Plymouth, North Carolina, kilianza 2013 na Sunila ya Finland 2015. Inauzwa kama gundi ya plaiwudi kuchukua nafasi ya fenoli, au inachomwa kwa tanuri ya chokaa.

Lakini kila kilo ya lignini unayotoa ni moto umeuondoa kwa boila. Kiwanda ambacho mvuke hautoshi hakina cha kuuza hapa. Kiwanda ambacho boila yake imejaa, ndio imekuwa kizuizi cha kuongeza palpu, kinapata faida mara mbili, kwa sababu kuondoa lignini kunafungua nafasi ya kupika zaidi. Hata sabuni ya tol ni hivyo: mara nyingi faida ya kwanza ya kuitoa si bei ya mafuta, ni evaporeta kukaa safi na boila kupumua. Halafu pia, Sunila hiyo na lignini yake yote ilifungwa 2023. Bidhaa ya pembeni haiokoi kiwanda kama palpu yenyewe hailipi.

Metanoli je?

Ipo kidogo, kilo kadhaa kwa tani ya palpu, inapatikana kwa kuvukiza maji machafu ya kondensa. Imechanganyika na salfa, kuisafisha ni ghali, wengi huichoma tu hapo hapo. Na ni sumu, mtu asije akaifikiria kama ile ethanoli ya molasi ya Muhoroni. Inapofusha na inaua.

## Pesa

Kiwanda kidogo kinaweza kutoka na faida gani? Nipe namba.

Tuchukue kiwanda cha kufikirika, tani 100 za palpu kwa siku, paini tupu. Kwa miti yetu michanga weka makisio ya kilo 20 za mafuta ya tol kwa tani badala ya 30 mpaka 50 za Skandinavia. Hiyo ni tani 2 kwa siku, karibu tani 700 kwa mwaka. Tapentaini ukiweka kilo 4 unapata kilo 400 kwa siku, yani mapipa mawili na kitu.

Sasa linganisha: kile kiwanda cha Lappeenranta kilijengwa kutoa kama tani 100,000 za dizeli kwa mwaka. Mnara wa kunereka kwa tani 700 hautajilipa maisha yako yote. Kwa hivyo una njia mbili za kweli, uuze ghafi kwa tanka au uchome kwa tanuri yako ya chokaa badala ya kununua mafuta ya tanuri. Hiyo ya pili ndio bei ya chini kabisa ya kukubali, mnunuzi akikupa chini ya bei ya mafuta ya tanuri unayookoa, mwambie kwaheri. Na kumbuka kutoa gharama ya asidi, kama kilo 200 kwa tani ya mafuta, kabla hujafurahi.

Huku kwetu nani atanunua?

Wa kwanza anaweza kuwa wewe mwenyewe. Karatasi ya kuandikia ikikosa rozini wino unasambaa. Rozini na alam (chumvi ya alumini) ndio mfumo wa zamani wa kuzuia hiyo, na viwanda vingi hununua rozini kutoka nje. Lakini rozini inahitaji ule mnara, tunarudi kwa swali la juu. Baadaye kuna watu wa rangi, gundi na dawa za kuosha choo zenye harufu ya paini. Mimi ningeuliza hao kwanza wanataka ubora gani, kwa karatasi, kabla ya kununua hata tangi moja.

Bagasi ya viwanda vya sukari, Nzoia, Mumias, Muhoroni, inaweza kutoa hizi?

Tapentaini na tol hapana, muwa hauna utomvu. Bagasi inatoa palpu nzuri tu, lakini ina silika, na silika inagandamana ndani ya evaporeta na kuharibu mzunguko wa chokaa, ndio sababu viwanda vingi vidogo vya bagasi duniani vilishindwa kurudisha soda. Kinachowezekana kwa bagasi na magunzi ya mahindi ni furfurali, kemikali ya viwandani inayotoka kwa hemiselulosi. Eldoret ilishakuwa na kiwanda cha furfurali cha magunzi, na haikudumu. Eldoret hiyo hiyo pia ilikuwa na kiwanda cha EATEC cha tanini ya maganda ya mti wa wattle ya kutengenezea ngozi, kwa hivyo kemikali za miti si hadithi mpya upande huu.

## Usalama na mazingira

Hatari kubwa ni gani?

Mbili, na zote zimeua watu.

Ya kwanza ni asidi kukutana na salfaidi. Sabuni ya tol ikibeba maji meusi mengi halafu ukamwaga asidi, inatoka haidrojeni salfaidi. Kwa kiasi kidogo inanuka, ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi na unadhani imeisha, ikifika mamia kadhaa unaanguka. Pennington, Alabama, Januari 2002, kemikali ya salfa ilimwagika ikaingia mtaro uliokuwa unawekwa asidi, gesi ikatoka, watu wawili wakafa. Hawakuwa ndani ya tangi lolote, walikuwa wanafanya kazi pale nje.

Ya pili ni tapentaini. Mvuke wake unaweza kulipuka hata ukiwa asilimia 0.8 tu hewani. DeRidder, Louisiana, Februari 2017, mafundi walikuwa wanachomelea bomba juu ya tangi la maji machafu ya kondensa. Tangi liliitwa la maji, lakini tapentaini ilikuwa imejikusanya juu yake. Likalipuka, likaruka juu ya jengo, watatu wakafa. Kama unafanya kibarua cha kuchomelea kiwandani, uliza ndani ya tangi kuna nini, na usikubali jibu la "ni maji tu" mpaka mtu apime gesi mbele yako.

Maji meusi yanaweza kuwa mbolea, au ya kumwaga barabarani?

Hapana. pH ni 12 au zaidi, yatachoma ngozi, mimea na udongo, na sodiamu itaharibu shamba kwa muda mrefu. Kwa barabara mvua ya kwanza itayapeleka mtaroni. Mtu akikuuzia kama dawa ya vumbi anakuuzia shida yake, na NEMA, wale wa mazingira, wakija watakukuta wewe.

Yakiingia mtoni inakuaje?

Mto Nzoia unapita Webuye, unaenda mpaka Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria. Maji meusi yanakula oksijeni ya mto, lakini sumu kali kwa samaki ni zile asidi za utomvu na sabuni yake. Kwa maneno mengine ile sabuni ukiivuna ni mafuta, ukiiacha iende ni samaki wamekufa. Hii ndio sababu hata kiwanda ambacho tol haikipi faida bado kinafaa kuichota.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuchemsha utomvu wa paini nyumbani nipate tapentaini?

Kemia inakubali, utomvu ukichemshwa na maji unatoa tapentaini na kubaki na rozini, na haina harufu ya salfa kwa sababu haikupitia kraft. Lakini kuchanja paini ya msitu wa serikali bila kibali ni kosa, na kuchemsha kitu kinachoshika moto nyuzi 35 juu ya jiko la makaa ni kutafuta kuchoma nyumba. Kama uko serious, tembelea kituo cha utafiti wa mazao ya misitu cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, pale Karura kwanza.

Nikishatumia asidi kwa tol, yale maji ya chumvi ya chini yanaenda wapi?

Swali la mtu anayejua kazi. Yanarudi kwa maji meusi, ili sodiamu isipotee, lakini yanakuja na salfa ya ile asidi. Salfa ikizidi kwenye mzunguko unalazimika kuitupa kupitia majivu ya boila, na ukitupa majivu unatupa sodiamu pia, unanunua kostiki. Wengine hupunguza hii kwa kuanza na kaboni dioksaidi halafu kumalizia na asidi kidogo. Na hayo maji yawekewe kostiki yapande pH kabla hayajagusa maji meusi, ukisahau umerudi kwa ile hatari ya kwanza hapo juu.

Nasoma kidato cha nne, nataka kazi ya namna hii, nichukue kozi gani?

Uhandisi wa kemikali na michakato, Moi wanafundisha Eldoret. Kemia na fizikia usiziache. Na ukipata atachimenti, omba ukae upande wa evaporeta na boila kabla ya maabara.